Mashini ya Mtumba Hununuliwa kwa Mkono

Hotuba kwa mafundi na vijana, Lamu

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Wazee wangu mlioketi mbele, mafundi wenzangu wa boti na wa mbao, mama zangu, dada zangu, nanyi vijana mliosimama mlangoni kwa kukosa viti, ahsanteni kwa kuja. Nimetakiwa nizungumze juu ya mashini ya milingi: kuinunua ikiwa imeshatumika, kuileta kisiwani, na kufanya nayo kazi nyumbani. Jana jirani yangu, mama wa heshima sana, aliniuliza kama nitamsagia na mahindi yake. Kwa hiyo nianze hapo. Milingi ninayoisema haisagi nafaka. Hukata chuma.

Leith wengi mnaijua. Kwenye leith chuma ndicho kinachozunguka, na kisu kimetulia. Kwenye milingi kisu ndicho kinachozunguka, na chuma kimebanwa na jiliwa juu ya meza. Meza unaisukuma kwa magurudumu ya mkono: kushoto na kulia, mbele na nyuma, juu na chini. Leith hukupa vitu vya mviringo. Milingi hukupa ubapa ulionyooka, pembe ya mraba, mfereji wenye upana ule ule mwanzo hadi mwisho, na tundu lililokaa mahali pake hasa.

Sasa nani hapa hajapata kungoja shafti irudi kutoka Mombasa? Mashua yenye injini ya ndani imepandishwa mchangani. Kii ya shafti ya rafadha, kile kipande kidogo cha chuma kinachokaa mferejini ili shafti isizunguke bure, imekatika na mfereji wake umeliwa. Kuchonga mfereji mpya ni kazi isiyozidi saa moja. Lakini shafti hupanda boti hadi Mokowe, ng'ambo bara, ikapanda basi zaidi ya kilomita 300, ikakaa foleni kwenye karakana ya watu, ndipo ianze safari ya kurudi. Mwenye mashua wiki nzima anaitazama bahari tu. Na ikiwa ni kaskazi, maji yametulia na samaki wapo, wiki ile hairudi tena. Mimi nimetengeneza injini za boti miaka mingi, na uso wa mvuvi anayengoja shafti ndio ulionifanya nianze kutafuta mashini hii.

Vijana huniuliza kama ufundi huu si wa wageni. Nawajibu watazame chuma cha keekee wanachonunua dukani, kile chenye mifereji miwili iliyojipinda. Mifereji ile kulikuwa na wakati ilichongwa kwa tupa, kwa mkono, mmoja baada ya mwingine. Mwaka 1862 Mmarekani Joseph R. Brown, wa kampuni ya Brown & Sharpe mjini Providence, aliunda mashini ya milingi iliyoweza kuuchonga mfereji ule wa kujipinda. Mtu alichoshwa na tupa, akafikiri. Mafundi wa mashua wa kijiji chetu cha Matondoni waliochoshwa na tupa nawajua wengi, na kufikiri wanajua pia.

Umbo mtakalokutana nalo zaidi sokoni ni lile la Bridgeport: nguzo moja nene nyuma, goti linalopanda na kushuka mbele yake, meza ndefu juu ya goti, na kichwa kinachoweza kulazwa upande. Ya kwanza iliuzwa mwaka 1938, kazi ya Rudolph Bannow na mwenzake, katika mji wa Bridgeport, Connecticut. Baadaye ziliundwa pia Leicester, Uingereza, na viwanda vya Taiwan vikaliiga umbo lile. Ni mashini zilizoundwa kwa chuma kizito cha kusubu, na ndiyo sababu ya zamani sana bado hufanya kazi ikiwa ilitunzwa. Ikiwa ilitunzwa. Hapo ndipo penye hotuba yangu yote.

Hapa Lamu hakuna mtu anunuaye mashua kwa rangi. Utangoja maji yatoke, chombo kikae juu ya mchanga, upite chini yake na nyundo ndogo, ugonge ubao kwa ubao, usikilize. Utachomeka ncha ya kisu karibu na mkuku. Utaingia ndani uyashike mataruma, mbavu za chombo. Utauliza mara ya mwisho kimepakwa shahamu lini, na nani alikikalafati. Ujuzi huo mnao tangu utoto. Nawaomba muuchukue, mwende nao Mombasa na Nairobi mnapokwenda kununua chuma.

Mimi mashini yangu ya kwanza sikuinunua hivyo. Niliikuta kwa muuzaji mmoja bara, imepigwa rangi ya kijani, meza imesuguliwa hadi inang'aa. Siku ile umeme ulikuwa umekatika. Muuzaji akaniambia ni nzima, ilikuwa ikifanya kazi hadi juzi. Nikalipa. Ilipofika nyumbani na kuwashwa, kichwa kilivuma kama nyuki waliochokozwa. Nilipoifungua nikakuta mtu ameshindilia grisi kwenye vijia vya mafuta, na grisi ile imekauka ikawa kama nta. Mashini hizi reli zake, zile njia ambazo meza na goti huteleza juu yake, hutaka mafuta yanayotiririka. Grisi huziba njia, mafuta hayafiki, chuma kinasugua chuma kikiwa kikavu. Nilikaa miezi minne nikifungua, nikiosha kwa dizeli, nikitafuta beringi. Fedha ile tuliiweka miaka mitatu, mimi na mama watoto. Nililazimika kumwambia kwamba mashini ipo ndani ya nyumba na kazi haiwezi kufanya. Kwa hiyo ninayowaambia sasa nimeyalipia.

Anza na magurudumu ya mkono. Shika gurudumu la meza, lizungushe mpaka meza itembee, kisha ligeuze taratibu upande wa pili huku macho yako kwenye pete ya vipimo. Litazunguka bure kidogo kabla meza haijaanza kurudi. Hesabu mistari iliyopita. Kwenye mashini nyingi za Uingereza na Marekani mstari mmoja ni sehemu moja ya elfu ya inchi, yaani karibu milimita 0.025. Ukihesabu mistari mitano hadi kumi, furahi. Ukifika thelathini au arobaini, nati ya shaba iliyo ndani imeliwa, na hapo ndipo mazungumzo ya bei yanapoanza. Nati hubadilishwa. Huo ni ugonjwa wenye dawa.

Ugonjwa mzito uko kwenye reli. Aliyekuwa nayo miaka ishirini alifanya kazi zake nyingi meza ikiwa katikati, kwa hiyo katikati ndipo palipoliwa, na ncha zimebaki karibu kama zilivyotoka kiwandani. Mwombe muuzaji akuruhusu kukaza kabari, ule ukanda wa chuma unaobana meza kwenye reli zake. Kaza mpaka meza iende katikati bila kucheza. Sasa ipeleke mwisho wa kushoto, halafu mwisho wa kulia. Ikikwama kabla ya kufika, umeujua uchakavu wake bila geji yoyote. Halafu inama, tazama mbele ya nguzo na juu ya goti. Reli nzuri hukwaruzwa kwa mkono, zikabaki na alama ndogo ndogo kama magamba ya samaki, mafuta yapate pa kukaa. Magamba yakionekana bado pale penye kusuguana zaidi, mashini haijachoka. Wapo wanaokwaruza upya ili wauze tu, kwa hiyo jicho lisitangulie mkono.

Kisha iwashwe. Kama hakuna umeme, nenda zako, rudi siku nyingine, hata kama umetoka Lamu kwa ajili hiyo na nauli imekwisha. Iache izunguke nusu saa kwa mwendo wa juu. Weka kiganja karibu na beringi: joto la kuvumilika ni sawa, la kukufanya uondoe mkono si sawa. Sikiliza. Nyinyi mnaojua sauti ya injini ya boti iliyochoka mtaisikia na ya beringi. Vuta pampu ya mafuta, uone mafuta yakitoka kwenye reli zote. Yasipotoka, kumbukeni grisi yangu.

Tazama pia tundu la chini la kichwa, linaposhika koleti, yaani kile kishikio cha kisu. Likiwa la kipimo kinachoitwa R8, koleti zake hupatikana bila taabu. Kipimo kigeni kitakufanya uwe mtumwa wa kuagiza. Na uulize ni vifaa gani vinakwenda na mashini: jiliwa, koleti, vibanio, visu. Kwangu mimi vifaa hivyo nilivyonunua kimoja kimoja vilikaribia bei ya mashini yenyewe. Muuzaji akikupa jiliwa zito lisilocheza na sanduku la koleti, punguzo la bei unaweza kulisamehe.

Umenunua. Sasa ni mzigo wa kilo 900 hadi 1,000 hivi, uzito wote uko juu, na miguu yake ni midogo. Mashini hii hupenda kuanguka. Shusha goti hadi chini, rudisha nyuma mkono wa juu unaobeba kichwa, geuza kichwa juu chini ili injini yake ining'inie, kaza kila kitu. Hapo uzito umeteremka. Isinyanyuliwe kwa meza hata siku moja, kwa maana meza hupinda, na meza iliyopinda ni hasara isiyorudi.

Barabarani hadi Mokowe lori litakufikisha. Kazi iko gatini. Mashini hii ya pili nilikuja nayo siku za bamvua, kwa ushauri wa nahodha mmoja mzee, Mungu ampe umri. Maji ya bamvua huku kwetu hupanda na kushuka karibu mita tatu. Alisema tungoje hadi ukingo wa chombo uwe sawa na gati, tupitishe mbao nene, tuisukume juu ya mabomba kama roda, bila kuinyanyua hata inchi moja. Tulingoja kwa saa mbili. Nusu saa baadaye mashini ilikuwa ndani, imefungwa kamba penye mlingoti. Upande wa pili tulifanya vivyo hivyo, ila tuliwahi, kabla maji hayajaanza kutoka. Ukitumia maji mafu, tofauti ya gati na chombo itakupigisha mbinja.

Kutoka ufuoni hadi nyumbani, kabla hata ya kununua, pita na futi ya kupimia. Vichochoro vyetu vyote mnavijua, lakini mwili hukumbuka vibaya. Nilipima kila pembe hadi mlangoni kwangu, nikagundua pembe moja isiyopitika. Tukaivunja mashini vipande vitatu: kichwa na mkono wake, meza, na nguzo na goti pamoja. Meza peke yake ilikuwa mzigo wa watu wanne. Mkokoteni ulichukua vipande, punda wakabeba masanduku ya visu na spana. Vijana wa mtaani walisaidia, na nilihakikisha hakuna mtoto aliyesimama upande wa kuteremkia.

Iwekwe chini, kwenye sakafu ya zege juu ya ardhi. Nyumba zetu za mawe zina dari za boriti, na boriti zile zilikusudiwa watu na vitanda. Zege liwe nene na limekomaa siku zake. Na kuta za chokaa zipakwe kitu kisichoachia vumbi, kwa maana vumbi la chokaa likichanganyika na mafuta kwenye reli hugeuka msasa.

Umeme. Injini ya mashini hii kwa kawaida ni ya fezi tatu, na nyumba nyingi zetu zina fezi moja ya volti 240. Msikate tamaa hapo. Kipo kifaa kiitwacho inveta, chaingiza fezi moja na kutoa tatu, na juu ya hayo kinakuruhusu kupunguza na kuongeza mwendo kwa kitasa. Tazama kibati cha injini. Kikionyesha volti 240 na 415, fundi wa umeme atageuza viunganishi vya ndani kutoka nyota kwenda pembetatu, ili ipokee 240 za inveta. Injini ya volti 415 pekee haitafaa bila kazi zaidi. Inveta iunganishwe moja kwa moja na injini, pasiwe na swichi katikati yao. Iwekwe mbali na vipande vya chuma na upepo wa chumvi, lakini ipumue.

Na jambo ambalo Lamu hatuwezi kulipuuza: umeme hukatika, hurudi. Hakikisheni mashini haiwezi kuanza yenyewe umeme unaporudi. Fundi mmoja ninayemjua alikuwa akisafisha kisu gizani, umeme ukarudi. Vidole viwili. Kifaa cha kuzuia hilo ni bei ya kilo chache za samaki.

Sasa kazi. Kasi ya kisu huhesabiwa, haibahatishwi. Chukua kasi inayofaa chuma chako kwa mita kwa dakika, zidisha kwa 1,000, gawanya kwa 3.14, gawanya tena kwa upana wa kisu kwa milimita. Kisu cha haispidi, yaani cha chuma kigumu cha visu, kwenye chuma cha kawaida hutaka mita 25 hivi. Kisu cha milimita 10 kitazunguka mara 800 kwa dakika. Cha milimita 20 ni nusu yake, 400. Shafti za chuma kisichoshika kutu zitake nusu ya hapo, na usikiruhusu kisu kusugua bila kukata, kwa maana chuma kile kikisuguliwa hugeuka kigumu na kitakula kisu. Alumini yaweza kwenda mara tatu ya chuma. Mimi karatasi ya hesabu hizo nimeibandika ukutani, na bado huisoma.

Shafti ya milimita 25 kii yake ni ya upana wa milimita 8, na mfereji wake kwenye shafti una kina cha milimita 4. Hapa mwanafunzi ataniambia: mzee, mashini yetu ni kuukuu, gurudumu linazunguka bure mistari kumi na tano, tutapataje kina cha milimita 4 kamili? Mwanangu, hapa ndipo ninapoipenda kazi hii. Mistari ile ya bure haikudhuru ukifika kwenye kipimo daima kutoka upande mmoja. Umeamua kwenda kulia, nenda kulia. Ukipita kipimo, usirudi kidogo ukasimama hapo. Rudi nyuma nusu mzunguko, uje tena kutoka upande ule ule. Skrubu itakuwa imeegemea nati ukuta ule ule kila mara, na kipimo kitakuwa cha kweli. Mashini ya zamani na mkono wenye nidhamu hutoa kazi ambayo mashini mpya na mkono wa pupa haitoi.

Kwa sababu hiyo hiyo, sukuma chuma kikabiliane na mzunguko wa meno. Ukikisukuma kifuatane na meno, kisu kitaikamata meza na kuivuta ghafla ule upana wote wa bure, kisu kivunjike au shafti iruke. Na kabla ya yote, funga geji ya saa, ile yenye mshale wa kuonyesha tofauti ndogo, kwenye kichwa, izungushe juu ya meza duara zima, urekebishe kichwa mpaka geji isome sawa mbele, nyuma, kushoto na kulia. Usipofanya hivyo, ubapa wako utakuwa na mteremko, na utailaumu mashini.

Chumvi ya hewa yetu haina huruma. Kila jioni futa vipande vya chuma kwa brashi, kamwe si kwa mkono, pakaza mafuta meza na reli, funika kwa kitambaa cha pamba. Nailoni hufungia unyevu ndani, nayo mashini huamka asubuhi imejaa jasho la kutu. Msimu wa kusi mimi huacha balbu ndogo ikiwaka chini ya kitambaa.

Mavazi. Ukifika karakana, kanzu na kikoi viache nyumbani. Mikono ya shati iwe juu ya kiwiko, glavu zisivaliwe mashini ikizunguka, miwani ya kukinga macho ivaliwe daima. Dada zetu, na ninataka mje, mtandio ufungwe na ncha zake ziingizwe ndani ya nguo. Kisu hakimwachi kinayemshika. Na spana ya bolti ya juu ya kichwa haiachwi pale hata kwa sekunde moja. Kuna majirani pia: kwangu mashini hunyamaza baada ya magharibi na wakati wa sala zote.

Nimekuja na kitu mfukoni. Hiki ni kipande cha shafti ya milimita 25, nimekichonga mfereji wiki hii kwa mashini ile kuukuu, na kii iko ndani yake. Nampa mzee huyu hapa, akipitishe nyuma hadi mlangoni. Kila mtu aishike kii kwa kidole gumba na cha shahada, ajaribu kuichezesha. Atakayeiona inacheza aniambie hapa hapa, na maswali tuanzie kwake.